Nia ya Mbakaji: Mjadala Usiokwisha, Kutoka Musoma hadi Butiama

"Shetani alinipitia." Kauli hiyo husikika mara nyingi pale mtuhumiwa wa ubakaji anapobanwa na maswali, awe mbele ya wazee wa ukoo au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Nje ya kituo watu nao wana majibu yao. Kwenye vilabu vya pombe kando ya barabara ya Bunda lawama huangukia gongo. Mwaloni Mwigobero, Musoma mjini, utaambiwa vijana wa siku hizi hawana adabu. Kule Butiama wazee watalaumu simu na picha chafu, mhubiri atalaumu mavazi, na wapo watakaonong'ona kwamba ni mganga aliyemwelekeza. Kila jibu lina chembe ya ukweli. Lakini yote yana sifa moja inayopaswa kututia shaka: yanamwondoa mtendaji katikati ya tendo lake mwenyewe.

Swali la nia linatugusa sote, kwa sababu jibu tunaloliamini ndilo linaloamua tunafanya nini. Anayeamini kwamba chanzo ni tamaa isiyozuilika atawafungia mabinti ndani ifikapo saa kumi na mbili jioni. Anayeamini ni pombe atataka vilabu vifungwe. Anayeamini ni ugonjwa atataka wahalifu wahasiwe, na anayeamini ni shetani ataitisha maombi. Makala hii inapima majibu hayo moja baada ya jingine, kwa kutumia utafiti uliofanyika kwetu, kwa majirani zetu na mbali zaidi. Hoja yangu ni kwamba tamaa, hasira na ulevi vipo, ila havitoshi kueleza. Wanaume wengi hutamani, hukasirika na kulewa, na hawabaki. Kinachomtofautisha anayebaka, mara nyingi, ni imani kwamba anachokichukua ni haki yake na kwamba hakuna atakayemdai. Imani hiyo haikuzaliwa naye. Alifundishwa.

Ukubwa wa jambo

Mara ni mkoa wa watu 2,372,015 kwa sensa ya 2022: Wakurya, Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Waikizu, Wangoreme, Waluo, Wasukuma na wengine wengi. Katika tafiti za kitaifa umekuwa ukitajwa miongoni mwa mikoa yenye ukatili mwingi dhidi ya wanawake. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wa nne nyuma ya Manyara, Dodoma na Arusha. Kitaifa, utafiti huohuo ulionyesha kuwa asilimia 17 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono, na kwa walioolewa, anayetajwa zaidi kuwa mtendaji ni mume au mwenzi, wa sasa au wa zamani.

Kwa watoto picha ni nzito vilevile. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011, kwa ushirikiano wa UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wasichana, karibu nusu ya matukio yalitokea nyumbani kwa mtu, na mengine mengi njiani kwenda au kutoka shule, au shuleni penyewe.

Takwimu hizi peke yake zinaangusha dhana moja. Mbakaji wa hadithi za kutisha, mtu asiyejulikana anayevizia vichakani, yupo, lakini wa aina yake ni wachache. Wengi wana majina yanayofahamika nyumbani kwa waliyemdhuru. Nadharia yoyote ya nia inayomweleza yule wa vichakani tu inawaacha nje walio wengi.

Maneno ya kujitetea

Diana Scully, mwanasosholojia wa Marekani, alizungumza na wafungwa 114 wa ubakaji katika magereza ya Virginia, na kitabu chake kikatoka 1990. Aliwakuta wamegawanyika makundi mawili. Waliokiri walitoa visingizio: nilikuwa nimelewa, nilikuwa na matatizo, kwa kawaida mimi ni mtu mwema. Waliokana walihalalisha: alinitega, alikataa kwa mdomo tu, si mwanamke mwenye heshima. Shetani wetu yumo katika kundi la kwanza. "Aliyataka mwenyewe" na "amekula hela zangu" yamo katika la pili.

Jambo kubwa alilotuachia Scully ni hili: mtu hujitetea kwa maneno anayojua yatapokelewa. Hakuna anayesimama mbele ya wazee akadai kwamba aliumwa jino ndiyo maana akabaka, kwa kuwa anajua watamcheka. Anataja pombe, mavazi au hela aliyotoa kwa sababu amewahi kusikia visingizio hivyo vikikubaliwa. Kwa hiyo maelezo ya mbakaji yanatuambia machache kuhusu moyo wake na mengi kuhusu wasikilizaji wake. Mtafiti anayetaka kujua nia hana budi kuyasikiliza, ila asiyameze.

Tamaa au mabavu?

Mjadala wa wasomi ulipata sura yake ya kisasa mwaka 1975, Susan Brownmiller alipochapisha kitabu kilichodai kwamba ubakaji ni chombo cha kuwatawala wanawake kwa hofu, na kwamba ashiki ni kisingizio tu. Miaka minne baadaye Nicholas Groth, mwanasaikolojia aliyewatibu wahalifu gerezani, aliwagawa katika aina tatu: wanaosukumwa na hasira, wanaosukumwa na haja ya kujiona wana nguvu, na wachache wanaopata raha kwa kumtesa mwingine. Kwa Groth, ubakaji ulikuwa njia ya kutimizia mahitaji yasiyo ya kingono kwa kutumia ngono.

Upande wa pili ulisikika kwa kishindo mwaka 2000. Watafiti Randy Thornhill na Craig Palmer walidai kwamba ubakaji una mizizi katika mageuko ya viumbe, na kwamba kuiondoa tamaa katika maelezo ni kujidanganya. Waliungwa mkono na wachache na kupingwa na wengi. Hoja yao inakwama mahali pabaya: haielezi vizuri watoto wadogo wanaobakwa, wavulana wanaolawitiwa, wala bibi wa miaka sabini. Hata hivyo, kauli kwamba ubakaji hauhusiani kabisa na tamaa nayo ina kasoro. Inawafanya wanaume wengi wajione hawahusiki: "Mimi sikutaka kumtawala mtu, nilimpenda tu." Mume anayemlazimisha mkewe usiku, au mpenzi anayekataa kusikia hapana, hajioni katika picha ya mtu anayetumia ngono kama silaha.

Mashariki ya Kongo, ambako kazi ya Dokta Denis Mukwege katika hospitali ya Panzi, Bukavu, ilimpatia tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, utafiti umeonyesha jinsi mipaka hiyo inavyofutika. Maria Eriksson Baaz na Maria Stern walizungumza na askari wa jeshi la Kongo, na makala yao ikatoka 2009. Askari hao walitofautisha ubakaji wa "tamaa," walioutolea visingizio vya umaskini, kukosa likizo na kukaa mbali na wake zao, na ubakaji wa "uovu," uliokusudia kuumiza na kudhalilisha. Wa kwanza waliuona unaeleweka, karibu unasameheka. Hapo ndipo penye fundisho. Hata walipoitaja tamaa, walikuwa wanaongelea hadhi: mwanaume kamili ni yule mwenye fedha na mwanamke, na mfumo uliowanyima fedha uliwaachia bunduki. Tamaa na mabavu havikuwa vitu viwili. Tamaa yenyewe ilikuwa imeshavaa sare ya haki.

Jirani zetu wa Kisii

Mjadala huu una historia yake karibu kabisa na Mara, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia Robert LeVine alichapisha makala kuhusu makosa ya kingono kwa Wagusii wa Kenya, watu ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kikurya. Kwa makadirio yake, kiwango cha mashauri ya ubakaji Gusii kilizidi kwa mbali kile cha miji ya Marekani wakati huo. Alitaja sababu nne: jamii iliyobana sana uhusiano wa kimapenzi wa wasichana nje ya ndoa, wanawake waliolelewa kuikataa na kuiogopa ngono, mahari ya ng'ombe iliyopanda hadi vijana maskini wakabaki bila kuoa mpaka karibu miaka thelathini, na mazingira yasiyowatenga wavulana na wasichana. Juu ya yote hayo kulikuwa na desturi za ndoa zilizotarajia mwanaume alazimishe na mwanamke apinge, hata katika usiku wa kwanza wa arusi.

Msomaji wa Butiama au Bunda atakutana na vitu anavyovifahamu. Ng'ombe wa mahari bado ni kipimo cha hadhi ya kijana, na asiyenao huambiwa bado ni mtoto. Lakini maelezo ya LeVine yana hatari mbili. Ya kwanza ni kuifanya "jadi" kuwa kitu kilichoganda. Mahari aliyoiona haikuwa ya tangu enzi na enzi, ilikuwa imepandishwa na uchumi wa kikoloni. Mwanahistoria Brett Shadle, aliyerudi kwenye majalada ya mahakama za Gusii nusu karne baadaye, alikuta wanawake waliosimama wakalalamika na mahakimu wenyeji waliowatia wanaume hatiani. Wagusii wenyewe walijua tofauti ya ndoa na shambulio.

Hatari ya pili inatuhusu moja kwa moja. Ni rahisi kuhamisha hoja hiyo Mara na kusema "Wakurya ndivyo walivyo," au "watu wa Mara ni wakali." Kauli hiyo inapendwa na wote: na wa nje kwa dharau, na wenyeji kwa majigambo. Kama maelezo, ni tupu. Inaficha kwamba katika ukoo uleule, kwa mila zilezile, kaka mmoja anampiga na kumlazimisha mkewe na kaka mwingine haoni aibu kumchotea maji. Mwaka 1981 mwanaanthropolojia Peggy Sanday alilinganisha jamii 95 za dunia na kukuta karibu nusu ambamo ubakaji ulikuwa nadra sana. Alipoona umekithiri, aliona pia wanawake wasio na sauti katika maamuzi, na uanaume unaopimwa kwa ukali. Vitu hivyo hubadilika. Tunu za kabila fulani hazikuumbwa na Mungu siku ya kwanza.

Wanaume wenyewe wanasemaje

Wafungwa ni sehemu ndogo ya watendaji. Ndiyo maana hatua kubwa ya utafiti ilikuja pale wanaume wa kawaida, wasio gerezani, walipoulizwa kwa siri. Mwaka 2009 mtafiti Rachel Jewkes na wenzake walitoa matokeo ya Afrika Kusini: kati ya wanaume 1,738 wa Eastern Cape na KwaZulu-Natal, waliojibu kwa kubonyeza kifaa bila mtu kuona majibu yao, asilimia 27.6 walikiri kuwahi kumbaka mwanamke au msichana.

Miaka minne baadaye Jewkes alishiriki katika utafiti wa Umoja wa Mataifa katika nchi sita za Asia na Pasifiki, wenye wanaume zaidi ya elfu kumi. Waliokiri waliulizwa kwa nini, na waliweza kutoa sababu zaidi ya moja. Asilimia 73 walitaja kile ambacho watafiti waliita madai ya haki ya ngono: nilimtaka, kwa hiyo nikamchukua. Asilimia 59 walisema ilikuwa burudani au kuondoa uchovu wa kukaa bure. Hasira na nia ya kuadhibu ilitajwa na asilimia 38. Pombe, ambayo mtaani inatajwa kwanza, ilikuwa ya mwisho, asilimia 27. Zaidi ya nusu walifanya hivyo kwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 20, na walio wengi hawakuwahi kufikishwa popote.

Hao ni watu wa Bangladesh, China, Papua New Guinea na kwingineko, na Tanzania ina mambo yake. Hata hivyo, mpangilio wa sababu hizo unavunja ngazi yetu ya mtaani. Tunaanza na pombe, wao wanaimalizia. Tunataja ukichaa, wao hawautaji. Sababu ya kwanza kabisa, ile ya "ni haki yangu," ndiyo tusiyoitaja kamwe, pengine kwa sababu tunaishiriki. Utafiti wa 2015-16 nchini kwetu uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kumnyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali angalau sababu moja. Kijana anayekua katikati ya majibu hayo hahitaji shetani.

Mahali nia inapopata mwanya

Nia haielei hewani, inahitaji mahali. Mkoani Mara mahali pa kwanza ni ndani ya ndoa. Ng'ombe wakishatolewa, familia mbili zimeshakubaliana, na ridhaa ya mke huhesabiwa kuwa imetolewa mara moja kwa maisha yote. Ndivyo pia ukeketaji unavyofanya kazi kwa koo zinazouendeleza: msichana aliyekeketwa hutangazwa kuwa mwanamke, na machoni pa baadhi ya wanaume tangazo hilo linatosha badala ya idhini yake. Hata nyumba ntobhu ya Wakurya, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa msichana ili apate warithi, ina sura mbili. Kwa wengine imekuwa kimbilio la kukwepa kipigo cha mume. Kwa msichana aliyetolewa na wazazi wake kwa ng'ombe na kuchaguliwa mwanaume wa kumzalisha, ni ulazima uleule kwa jina jingine.

Mahali pa pili ni njia ya shule. Shule za kata zilileta sekondari karibu, lakini "karibu" ya vijijini bado ni kilomita kadhaa. Mwenye bodaboda anayetoa lifti leo, chipsi kesho na simu keshokutwa anajenga deni. Siku msichana anapokataa, deni linadaiwa. Kampeni ya redio ya Fataki ya mwishoni mwa miaka ya 2000 iliwachekesha Watanzania kwa kumwanika mtu mzima wa aina hiyo. Kicheko kiliwafikia wengi, lakini hesabu ya deni iliyomo kichwani mwa mwanaume haikufutwa. "Amekula hela zangu" ni sentensi ya mtu anayeamini kwamba alinunua.

Mahali pa tatu ni penye kipato cha mkupuo na wanawake wanaotegemea kibali cha mwanaume: mialo ya Ziwa Victoria na machimbo madogo kama ya Buhemba, Butiama. Mwanamke mchuuzi wa samaki bila mtumbwi wake anategemea mvuvi amuuzie yeye kwanza, na ng'ambo ya Kenya biashara ya samaki kwa ngono imekuwa na jina lake, jaboya. Hapo hakuna panga wala kilio, na ndiyo maana nia inajificha vizuri zaidi.

Mfano wa wazi kabisa mkoani ni wa Nyamongo, wilayani Tarime. Mwezi Mei 2011 kampuni ya African Barrick Gold, iliyomiliki mgodi wa North Mara, ilitangaza kwamba imepokea madai ya ukatili wa kingono dhidi ya wanawake, uliofanywa na polisi na walinzi wa mgodi. Wanawake hao walikuwa wakiingia kwenye vifusi kuokota mawe yenye mabaki ya dhahabu. Baadaye wanawake 14 walipewa fidia kupitia mpango wa kampuni, na mashirika ya haki za binadamu yakaukosoa kwa kuwataka waliolipwa waache kwenda mahakamani. Kwa anayetafuta nia, tukio hili ni darasa. Kwa mujibu wa wanawake, waliokamatwa walipewa chaguo: kwenda jela au kulala na aliyewakamata. Watendaji hawakuwa walevi wa kilabuni, na hawakuwa wagonjwa wa akili. Walikuwa watu wa kazi, waliolipwa mshahara na kukabidhiwa mamlaka juu ya watu ambao tayari walikuwa wamepewa jina la wavamizi. Mwanaume huyohuyo, akiwa likizo kwao bila sare, huenda asingethubutu.

Mahali pa nne ni kundi. Agosti 2024 Watanzania walishtushwa na video ya msichana aliyebakwa na vijana kadhaa, huku akilazimishwa kumwomba radhi mtu waliyemwita "afande". Tarehe 30 Septemba mwaka huo mahakama jijini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Katika kisa hicho kulikuwa na adhabu, kulikuwa na dai la amri ya mtu mwingine, na kulikuwa na kamera. Kamera ndiyo inayosema mengi. Anayejirekodi anawarekodia watazamaji, na wa kwanza ni wenzake waliosimama pale. Dara Kay Cohen, aliyechunguza vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuta ubakaji wa makundi umezidi katika vikosi vilivyokusanya wapiganaji kwa nguvu, watu wasiojuana. Kubaka pamoja kuliwaunganisha kwa hatia. Katika kundi, mwathirika huwa ubao tu ambao wanaume wanaandikiana ujumbe.

Utoto, pombe na mganga

Je, basi, mambo ya ndani ya mtu hayana nafasi? Yanayo. Tafiti za Jewkes na nyingine nyingi zinaonyesha kwamba wanaume waliopigwa, kutelekezwa au kudhulumiwa kingono utotoni wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubaka. Tukikumbuka yule mvulana 1 kati ya 7, na jinsi watoto wa kiume wanavyozuiwa hata kulia, tunaona jeraha ambalo hakuna anayelitibu. Lakini wengi waliojeruhiwa hawajeruhi. Jeraha linaongeza uwezekano, halitoi amri.

Pombe nayo hufanya kazi mbili. Kabla ya tendo inalegeza breki, na baada yake inatoa udhuru. Mlevi wa kweli huanguka ovyo, ila mbakaji mlevi kwa kawaida anachagua: hamvamii mke wa mwenyekiti, anamfuata mhudumu wa baa au mtoto wa mjane. Kuna pia mganga. Kanda ya Ziwa inafahamu vizuri, kwa msiba wa watu wenye ualbino, jinsi imani ya utajiri wa haraka inavyoweza kuua. Katika mashauri ya watoto kubakwa, masharti ya mganga hutajwa mara kwa mara. Yawe ya kweli au ya kujitetea, hoja haibadiliki: ili mtu akubali agizo kama hilo, lazima awe tayari anauona mwili wa mtoto kuwa kitu kinachoweza kutumiwa.

Silberschmidt, mtafiti wa Denmark aliyefanya kazi Kisii na Dar es Salaam, aliongeza jambo la msingi mwaka 2001. Aliwaona wanaume waliopoteza nafasi ya kuwa walishaji wa familia kwa kukosa ajira na ardhi, huku jamii ikiendelea kuwaita kichwa cha nyumba. Cheo kilibaki, uwezo ukaondoka, na wengi wakajijengea hadhi upya kupitia ngono na ukali. Maelezo hayo yanagusa vijana wengi wa Musoma vijijini na Bunda. Ila yasitupe huruma potofu. Wanawake wa nyumba hizohizo nao hawana ajira, na njaa yao haikuwafanya wabakaji. Tofauti ni kwamba wao hawakuahidiwa utawala.

Sheria haiulizi nia

Mahakama inafanya kazi yake vizuri zaidi inapoliacha swali la nia. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyowekwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinauliza kama kulikuwa na ridhaa, na kwa mtoto hakiulizi hata hilo. Adhabu ni kati ya miaka 30 na maisha. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi ulio bora wa ubakaji ni ule wa mwathirika mwenyewe. Hasira, tamaa au shetani si utetezi.

Lakini sheria inafundisha pia, na mahali pamoja inafundisha vibaya. Kifungu hichohicho hakimtambui mke kuwa amebakwa na mumewe, isipokuwa kama wametengana. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, jambo ambalo Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi kwamba linavunja Katiba. Ukisoma vipengele hivyo kwa jicho la mwanaume tuliyemjadili, somo ni moja: kuna mwanamke ambaye ridhaa yake haihitajiki, na ni yule uliyemtolea ng'ombe.

Adhabu kali nayo ina mpaka wake. Mwaka 2024 Madagascar ilipitisha sheria ya kuwahasi wanaobaka watoto, na kwetu sauti za kutaka hivyo hazijawahi kukosekana. Kuhasi kunadhania kwamba tatizo limo kwenye homoni. Hakumgusi anayetuma wengine, wala hakuifuti ile imani ya haki. Tena miaka 30 iliyoandikwa kitabuni haimtishi mtu anayejua kwamba shauri halitafika mahakamani. Wazazi wa pande mbili wakikutana chini ya mti, ng'ombe wawili wakitolewa, fomu ya polisi ya PF3 ikabaki kituoni na shahidi mkuu akapelekwa kwa shangazi Mwanza, kesi imekufa. Kijana aliyeshuhudia kikao hicho amejifunza bei, na bei hiyo anaweza kuilipa.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Kama nia ingekuwa tamaa tupu, hakuna mradi wa kijamii ambao ungefua dafu. Ushahidi unasema vingine. Kampala, mpango wa SASA! uliwashirikisha majirani, viongozi wa mitaa na wanaume wenyewe katika mjadala wa muda mrefu kuhusu madaraka ndani ya nyumba. Utafiti wa 2007 hadi 2012 ulikuta ukatili wa kimwili wa wenzi umepungua kwa asilimia 52 katika maeneo yaliyoshiriki, yakilinganishwa na mengine. Mwanza, jirani na Bunda, jaribio la MAISHA liliwapa wanawake wa vikundi vya mikopo mafunzo ya uhusiano. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalikuwa ya kiasi zaidi: asilimia 23 ya waliopata mafunzo waliripoti ukatili wa kimwili au wa kingono katika mwaka uliotangulia, dhidi ya asilimia 27 ya wasiopata. Si muujiza. Ni uthibitisho kwamba tabia hii inafundishika na inaweza kufutwa, na kwamba kuwafundisha wanawake peke yao kunazaa kidogo kuliko kuigusa mitaa mizima.

Mara yenyewe haijakaa kimya. Rhobi Samwelly na wenzake wa Hope for Girls and Women wamewapokea katika Nyumba Salama mamia ya wasichana wanaokimbia kukeketwa na kuozwa, na masista wa Kikatoliki wa Musoma wana kazi kama hiyo. Nyumba hizo zinaokoa maisha. Udhaifu wake si wa waliozianzisha, ni wa kwetu: msichana ndiye anayekimbia kwao, mwanaume anabaki na ng'ombe wake na heshima yake.

Kijana wa Kizanaki aliyekuwa akisoma Makerere mwaka 1944 aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, akiwatazama mama zake wa Butiama. Mwaka 1967, akiwa Rais, Julius Nyerere alitaja hali duni ya mwanamke kuwa moja ya kasoro mbili za jamii yetu ya jadi, nyingine ikiwa umaskini. Aliona kwamba katika nyumba alizokulia mmoja alizaliwa na madai na mwingine akazaliwa na wajibu.

Hapo ndipo mjadala wa nia unapotufikisha, na yanayofuata ni ya kivitendo. Wavulana wafikiwe mapema, kwa kuwa wengi wa watendaji huanza kabla ya kutimiza miaka 20. Mwenyekiti wa kitongoji au mzee wa ukoo anayesimamia kikao cha ng'ombe badala ya kituo cha polisi atambuliwe kuwa mshiriki wa kosa. Kinga ya mume iondolewe kwenye kifungu cha 130. Vyuo vyetu viwaulize wanaume wa Mara, walio gerezani na walio nje, maswali ambayo Jewkes aliwauliza wa Afrika Kusini, ili tuache kukisia. Na tunapoulizana mtaani kwa nini alifanya, tuongeze la pili: akiwa anafanya, alidhani nani atamdai? Jibu la swali hilo lipo mikononi mwa ndugu zake, majirani zake na viongozi wake, na linaweza kubadilishwa mwaka huu, bila kumsubiri mtaalamu wa magonjwa ya akili wala kumfukuza shetani yeyote.